Safari ndefu ya gari Nyanda za Juu Kusini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu afya njiani

Naishi Uyole, pale barabara ya Tukuyu inapoungana na barabara kuu ya Dar es Salaam na Tunduma. Kwa miaka mingi nimeendesha gari kwenye njia hizi: misiba Iringa, harusi Kyela, watoto wa shule Njombe, wageni wanaotaka kuona maua ya Kitulo. Ndugu na majirani wakikaribia kusafiri hunipigia simu, na maswali yao ni yaleyale. Nimeyakusanya hapa na majibu yake. Mimi si daktari. Ninayoyaandika nimeyapata kwa wahudumu wa afya niliowauliza na katika safari zenyewe, na pale panapohitaji daktari nimesema hivyo.

Je, ninywe maji njiani au nijizuie ili nisisumbuke na choo?

Kunywa. Nimeanza na hili kwa sababu ndilo kosa ninaloliona kila safari, hasa kwa akina mama. Mtu anapanda basi Dar alfajiri, hanywi hata chai, anasema atakunywa akifika Mbeya. Ni zaidi ya kilomita 800, saa 12 au zaidi barabarani, na katikati yake kuna joto la Mikumi na la Ruaha Mbuyuni ambalo linakausha mdomo hata ukiwa umekaa kivulini. Akifika kichwa kinamgonga, choo kigumu, mkojo una rangi ya chai ya rangi. Siku ya tatu analalamika kuungua akikojoa.

Mwili ukikosa maji damu inakuwa nzito, na mkojo unaokaa kwenye kibofu muda mrefu unawapa vijidudu nafasi ya kuzaliana. Ndiyo maana UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, inawafuata sana wasafiri wanawake. Kujinyima maji hakukuondolei shida ya choo. Kunaisogeza mbele tu, ije ikiwa ugonjwa.

Kunywa kidogo kidogo, mafunda mawili matatu kila baada ya muda, badala ya chupa nzima kwa mkupuo. Kipimo ni mkojo wenyewe: ukiwa wa njano iliyopauka, uko sawa. Kuhusu basi kusimama, usione haya kumwambia konda mapema. Mwambie, "Kaka, naomba mkipata mahali pazuri nichimbe dawa," naye atamwambia dereva. Ukingoja hadi umebanwa ndipo unagombana na kila mtu. Na kama una uwezo wa kuchagua, subiri choo cha sheli au cha hoteli ya kulia chakula kuliko kichaka: kichakani kuna nyoka, kuna miiba, na ukitoka hapo mikono haijanawa. Beba kanga ya kujistiri, karatasi za choo na sabuni ya kipande ndani ya kikopo. Kwenye mkoba wangu kikopo hicho hakitoki hata nikiwa nyumbani.

Miguu ya mama yangu huvimba kila akisafiri. Ni kawaida?

Kuvimba kidogo miguu yote miwili, kukaisha usiku akilala, ni kawaida kwa aliyekaa muda mrefu. Damu inashuka miguuni kwa uzito wake, na kinachoirudisha juu ni misuli ya vigimbi ikijikaza na kujilegeza unapotembea. Ukikaa, hiyo pampu imezimwa.

Mara ya kwanza nililitazama jambo hili kwa makini ilikuwa Ruaha Mbuyuni. Mama alishuka garini kununua vitunguu, akavua kandambili ili atoe kokoto. Mikanda ya kandambili ilikuwa imechora mifereji miwili juu ya nyayo, mirefu na ya kina, na nilipobonyeza kwa kidole karibu na kifundo pakabaki shimo. Nilihesabu hadi kumi na tano kabla halijajaa. Tulikuwa tumetoka Morogoro bila kushuka hata mara moja kwa sababu mimi dereva nilikuwa nina haraka. Tangu siku hiyo sipitishi saa mbili bila kusimama.

Wala si suala la viatu kubana tu. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2007 kwamba kusafiri umekaa kwa saa nne au zaidi, iwe kwa ndege, basi, treni au gari dogo, huongeza takriban mara mbili uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya ndani ya miguu. Uwezekano huo bado ni mdogo kwa mtu mzima wa afya. Lakini unapanda kwa mjamzito, aliyejifungua karibuni, aliyefanyiwa upasuaji, mwenye saratani, mnene sana, anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango, au aliyewahi kupata tatizo hilo. Hao waongee na daktari kabla ya safari, maana wengine huhitaji soksi maalumu za kubana au dawa.

Ukiwa umekaa, fanya hivi: kanyaga kisigino chini, inua vidole, kisha kanyaga vidole, inua kisigino. Mara ishirini, kila nusu saa. Zungusha vifundo. Usikunje mguu mmoja juu ya mwingine, na usijaze mabegi chini ya kiti chako hadi miguu ikose pa kunyooka. Gari likisimama, shuka, hata kama huna cha kununua, utembee dakika tano hadi kumi.

Ishara ya kukimbilia hospitali ni mguu mmoja kuvimba kuliko mwingine, kigimbi kuuma na kuwa na joto. Kifua kikibana au pumzi ikikata ghafla baada ya safari, hiyo ni dharura, usiku uleule.

Nile nini njiani bila kuumwa tumbo wala kunenepa?

Huku kwetu ni aibu kufika umeumwa njaa, na ni aibu zaidi kufika umeshiba chipsi mayai. Barabara hii inapita katikati ya ghala la chakula la nchi. Ilula kuna nyanya hadi ukingoni mwa lami. Ruaha Mbuyuni vitunguu. Njombe na Tukuyu parachichi. Ukipita Igurusi na Chimala uko kwenye mpunga wa Usangu, na ukishuka Tukuyu migomba imekuzunguka pande zote.

Chakula changu cha njiani ni hiki: mayai ya kuchemsha niliyoyamenya mwenyewe asubuhi ile, ndizi mbivu, viazi vitamu au magimbi ya kuchemsha kwenye hotpoti, karanga, na parachichi mbili ngumu. Parachichi ngumu nazifunga kwenye gazeti pamoja na ndizi mbivu, nazo huiva haraka zaidi. Unalipasua kwa kisu kidogo, unanyunyizia chumvi, unakula kwa kijiko kutoka kwenye ganda lake. Linashibisha hadi jioni na halichafui gari.

Ukila hotelini au kwa mama lishe, angalia kitu kimoja: moto. Chakula kinachotoka jikoni kikifuka mvuke ni salama kuliko kilichopangwa kwenye kabati la kioo tangu asubuhi, hata kama hoteli ina vigae. Wali maharage wa mama lishe, wa saa sita, unaopakuliwa sufuriani, nauamini kuliko kuku wa kukaanga aliyepoa. Kachumbari naiacha, kwa sababu siwezi kujua maji yaliyooshea. Tunda la kumenya mwenyewe sawa. Tikiti na nanasi vilivyokatwa na kufunikwa nailoni juani, hapana.

Soda moja ya mililita 350 ina sukari ya takriban vijiko nane au tisa vya chai. Mtu aliyekaa siku nzima hana pa kuipeleka. Unywe maji, au chai ya chupa kutoka nyumbani yenye tangawizi.

Natapika kwenye kona. Nifanyeje kwenye mlima wa Kitonga?

Kichefuchefu cha gari kinatokea pale masikio yanapouambia ubongo kwamba tunayumba na macho yanasema tumetulia, kwa sababu unatazama simu. Weka simu mfukoni. Kaa mbele, au kwenye basi kaa katikati, mbali na matairi ya nyuma, na utazame mbali mbele barabara inakokwenda. Fungua dirisha kidogo. Kula kitu kikavu na chepesi saa moja kabla, kwa maana tumbo tupu linatapika vilevile kama tumbo lililojaa mafuta. Tangawizi mbichi ya kutafuna huwasaidia baadhi ya watu.

Dawa za kichefuchefu zipo duka la dawa. Zinywe kabla ya kuondoka, kwani ukishaanza kutapika hazikai tumboni. Nyingi zinaleta usingizi, kwa hiyo dereva asizinywe. Mjamzito na mtoto mdogo wasipewe bila kumuuliza mhudumu wa afya.

Kitonga yenyewe ni fupi ukilinganisha na njia ya kutoka Chimala kupanda Matamba, ambayo wenyeji huiita Hamsini na Saba kwa idadi ya kona zake. Kama unaelekea Kitulo kwa njia hiyo, mwambie dereva apande taratibu na asimame mara mbili. Ukisimama pale juu utaliona bonde lote la Usangu limetandazwa chini yako. Hapo hata kichefuchefu kinasahaulika.

Mbona masikio yanaziba tukishuka?

Mgandamizo wa hewa unabadilika haraka. Meza mate, piga miayo, tafuna kitu. Mtoto mchanga anyonyeshwe wakati wa kushuka. Mwenye mafua makali atasikia maumivu zaidi.

Ni kweli huko kuna baridi kali? Nibebe nini?

Ni kweli, na watu wa Pwani huwa hawaamini hadi washuke Makambako usiku na fulana moja. Juni hadi Agosti, Njombe, Makete na nyanda za Kitulo, zilizo kwenye mita takriban 2,600 juu ya usawa wa bahari, hupata baridi ya kugandisha umande majanini. Iringa na Mbeya mjini ni nafuu kidogo, lakini asubuhi utaomba sweta. Beba sweta mbili nyepesi za kuvaa moja juu ya nyingine badala ya koti moja zito, soksi, mzula, na shuka la Kimasai kwa ajili ya garini. Mchana jua la milimani linachoma ngozi hata kama hewa ni ya baridi, kwa hiyo kofia na mafuta pia.

Sasa jambo ambalo naomba ulisome taratibu. Usilale na jiko la mkaa chumbani. Usiku mmoja wa Julai huko Makete, kwenye gesti ndogo, mhudumu aliniletea jiko kwa upendo kabisa. "Pole na baridi, dada, hili litakusaidia." Makaa yalikuwa mekundu, hayana moshi, chumba kikapata joto zuri. Nikafunga dirisha, nikalala na binti yangu. Aliyeniamsha ni yeye, analia kichwa. Nilipoinuka chumba kikazunguka, magoti yakakataa. Nilimburuta hadi mlangoni, tukakaa barazani tumejifunika blanketi, tukitapika kwa zamu hadi kukakucha.

Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu, na dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Usingizi huo ndio unaoua. Moshi kutokuwepo si usalama, makaa yaliyofunikwa majivu bado yanaitoa, na kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi. Ota moto nje au jikoni, kisha jiko libaki hukohuko. Chumbani omba blanketi la pili na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri ndani ya kitambaa. Watu wawili wa chumba kimoja wakiumwa kichwa kwa pamoja karibu na jiko, watoke nje kwanza, kisha waende hospitali wakapewe oksijeni, hata kama wamepata nafuu. Sisi hatukwenda, na leo nisingerudia hilo.

Mbeya kuna baridi, kwa hiyo malaria hakuna?

Milimani ni kidogo, kwa sababu vimelea na mbu wanapenda joto. Ila safari hii inapanda na kushuka. Kutoka Mbeya mjini, mita zipatazo 1,700, unapita Isongole kwenye ukungu na mashamba ya viazi, kisha Tukuyu, na baada ya saa chache uko Kyela, mita 500 hivi, unatokwa jasho. Kyela kuna malaria. Mabonde ya Usangu na Ruaha Mbuyuni vilevile. Na aliyekulia milimani yuko hatarini zaidi akishuka, maana mwili wake haujazoea ugonjwa huo.

Lala kwenye chandarua chenye dawa, vaa mikono mirefu jioni, paka dawa ya kufukuza mbu. Homa ikija, pima kwanza. Ukikutwa na malaria na ukaandikiwa dawa ya mseto, imalize dozi zote sita kwa siku tatu na uinywe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Parachichi letu linafaa hapo.

Nina kisukari na presha. Naweza kusafiri?

Unaweza. Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, zisiende kwenye buti la basi. Beba za siku kadhaa zaidi ya safari, pamoja na kadi ya kliniki. Usiruke kidonge cha presha kwa sababu kinakukojoza. Wengi hufanya hivyo siku ya safari, na presha haijui kwamba leo unasafiri. Muulize daktari kama saa ya kukinywa inaweza kusogezwa.

Insulini isiachwe kwenye dashibodi wala gari lililofungwa juani. Mimi nilimfungia shangazi insulini yake kwa nailoni kavu ndani ya chungu kidogo kilichozungushiwa kitambaa chenye maji, ikafika vizuri. Huku juu kuna hatari ya upande wa pili pia: insulini ikiganda kwa baridi imeharibika, itupwe.

Sukari ikishuka, mtu anatetemeka, anatoka jasho jembamba, anaanza kuongea ovyo. Mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu ya soda ya kawaida, pima tena baada ya dakika 15, kisha ale chakula. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu. Na jirani yako kwenye basi ajue kwamba una kisukari. Mwambie tu mnapoanza safari, "Shikamoo mama, mimi nina sukari, ukiniona nabadilika niamshe."

Nawezaje kuepuka kusinzia nikiwa naendesha?

Lala usiku uliotangulia. Hakuna kitu kingine kinachochukua nafasi yake. Gari likienda kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde, hivyo ukisinzia sekunde tatu umeendesha zaidi ya mita 60 bila dereva. Kwenye mteremko wa Inyala, yanakopita malori yenye breki za moto, mita 60 ni nyingi mno.

Ukianza kupiga miayo mfululizo, kusahau kilomita ulizopita, au kugusa mstari wa pembeni, simama mahali salama, ulale dakika 15 hadi 20. Kahawa inasaidia, ila inachukua kama nusu saa kufanya kazi, kwa hiyo kunywa kikombe chako cha kahawa ya Mbozi kisha lala kidogo hapohapo. Utaamka vyote viwili vimekusaidia. Muziki wa juu na dirisha wazi vinadanganya kwa dakika chache tu. Vinywaji vya kuongeza nguvu vina sukari na kafeini nyingi, na vikiisha mwilini usingizi unarudi kwa kishindo.

Mimi ni dereva wa lori. Nakaa foleni Tunduma hata siku mbili. Mazoezi na chakula nitavipataje?

Kaka yangu, wewe ndiye ninayekufikiria sana kuliko wote, kwa sababu familia inasafiri mara mbili kwa mwaka na wewe unaishi barabarani. Mgongo, bawasiri, presha na kitambi vinakuja polepole, na vinakukuta umri wa miaka arobaini.

Foleni ile ni uwanja wako wa mazoezi. Lizunguke lori lako mara thelathini kwa mwendo wa haraka, huku unaliona, hakuna atakayekuibia. Weka mikono kwenye bampa, piga pushapu za kusimama. Shika ngazi ya kabini, chuchumaa na kuinuka mara kumi na tano. Kwa ajili ya mgongo, simama, weka viganja kiunoni, jipinde nyuma taratibu mara kumi kila unaposhuka. Ukifikisha dakika 30 kwa siku, siku tano, umefikia zile dakika 150 kwa wiki zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani.

Jiko lako la kando ya lori ni neema. Ugali na usipa wa Ziwa Nyasa, mchicha au chainizi, nyanya za Ilula ulizopita nazo: chakula hicho ni bora kuliko nyama choma na chipsi za kila usiku. Mboga za majani na maji ndiyo dawa ya kwanza ya bawasiri. Pochi isikae mfuko wa nyuma unapoendesha, maana inapinda kiuno siku nzima. Pima presha kila miezi mitatu, hata kama hujisikii kuumwa. Na ukiambiwa na utingo kwamba unakoroma hadi pumzi inakatika, nenda hospitali, kwa sababu usingizi wa namna hiyo haupumzishi na utakurudia mchana ukiwa usukani.

Ninapolala Iringa au Mbeya, nifanye mazoezi gani?

Amka, tembea. Iringa mjini panda Gangilonga, jiwe ambalo jina lake kwa Kihehe maana yake ni jiwe linaloongea. Si mbali na katikati ya mji, na ukiwa juu mji wote uko miguuni pako. Ukiwa na nusu siku, nenda Isimila, yapata kilomita 20 nje ya mji, utembee korongoni kwenye nguzo za udongo na zana za mawe za kale. Mbeya kuna kilima cha Loleza kwa mwenye pumzi, aende na mwenyeji. Ukielekea Tukuyu kuna njia ya msituni hadi ukingo wa Ziwa Ngozi, ambayo mvua ikinyesha inakuwa telezi ya kweli, kwa hiyo vaa viatu vyenye meno.

Ukitoka Pwani usishangae kuhema. Hewa ya huku ni nyepesi. Kimbia taratibu kuliko kawaida yako siku mbili tatu za kwanza. Kitulo, kichwa kikiuma na kichefuchefu kikija, pumzika, na kisipopoa shuka chini.

Mtoto ameharisha njiani. Nianzie wapi?

Anzia kwenye ORS, ile chumvichumvi ya pakiti ya kurudisha maji mwilini. Pakiti moja, lita moja ya maji safi, yasipungue wala kuzidi, na yakipita saa 24 mwaga. Mpe kwa kijiko, kidogo kidogo, hata akitapika subiri dakika kumi uendelee. Huna pakiti: vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye lita moja, vijiko vikiwa vimesawazishwa. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Zinki apewe kwa siku 10, kiasi atakachoelekezwa na mhudumu.

Macho yakizama, akilegea, akishindwa kunywa, choo kikiwa na damu, msiendelee na safari. Kwenye barabara hii hospitali zipo: Ilula, Iringa mjini, Mafinga, Ilembula ukitoka kidogo barabarani baada ya Makambako, Chimala, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Wa njia ya Kyela wana Makandana pale Tukuyu. Ajali au dharura ya barabarani, piga 112.

Mwanangu ana selimundu (sikoseli). Baridi itamdhuru?

Baridi na kukosa maji ni vichochezi vikubwa vya maumivu ya selimundu, na safari yetu ina vyote viwili. Muone daktari wake kabla, hasa kama mnakwenda Makete au Kitulo. Avae nguo nzito kabla hajasikia baridi, anywe maji kila mara, dawa zake na za maumivu ziwe mkononi. Wenye pumu nao, vumbi na ukungu wa asubuhi vitawachokoza: dawa ya kuvuta ikae mfukoni mwa mgonjwa mwenyewe.

Tukifika Matema tuogelee?

Mchanga ule na milima ya Livingstone ikitumbukia majini, nani atakukataza. Ila Ziwa Nyasa lina kichocho katika sehemu zake. Konokono wanaokieneza hupenda maji yaliyotulia na yenye majani, kwa hiyo epuka kwenye matete na midomo ya mito, ambako pia huwezi kuwa na uhakika kuhusu mamba. Waulize wavuvi wa hapohapo. Kujifuta haraka si kinga ya kutegemea.

Na ulanzi, ile pombe ya mianzi?

Msimu wa mvua utauona kwenye madumu kuanzia Iringa. Wa asubuhi ni mtamu kama juisi, lakini unaendelea kuchacha dumuni, na wa jioni si wa asubuhi tena. Anayeendesha asionje kabisa.

Nimerudi nyumbani, sijisikii vizuri. Je, ni uchovu tu?

Uchovu unaisha kwa usingizi wa siku mbili. Homa haiishi hivyo. Malaria huonekana wiki moja au zaidi baada ya kuumwa na mbu, mara nyingi siku 10 hadi 15, kwa hiyo mtu wa Njombe aliyeshinda Kyela anaweza kuugua akiwa ameshasahau safari. Ukifika kituo cha afya usiseme tu "nina homa." Sema: "Wiki mbili zilizopita nililala Kyela." Na kama uliogelea ziwani, omba kupimwa kichocho kuanzia wiki ya nane hivi, hata kama huoni damu kwenye mkojo wala choo.